Picha Isiyo na Macho

Wenzangu mliokulia Kabondo, bila shaka mnakumbuka kwamba kivuli kilikuwa kitu cha kuchezea. Watoto wa sasa ukiwaambia wacheze, wanatafuta kwanza mahali pa kuchomeka simu. Sisi tulitafuta ukuta. Na ukuta mzuri kuliko yote ulikuwa wa Babu Selemani, baba ya papa yangu, maana kila mwaka kabla ya mfungo aliupaka chokaa mpaka jua la saa kumi likiupiga unafunga jicho moja.

Tulikuja wote pale: Aziza wa Mama Mwavita, Mado wa nyumba ya pili, Likunde na mdogo wake Bolingo aliyekuwa na kamasi kiangazi na masika. Mmoja anatazama ukuta, wengine nyuma yake wanainua kitu, naye aseme ni nini kwa kuona kivuli tu. Mwiko ukiugeuza ubavu unakuwa kisu. Kitunga ukikiinamisha ni kobe. Miguu ya kigoda, ukijua kuishika, ni mbuzi anayekojoa. Aliyeshindwa anakwenda kuchota maji, na mara nyingi alikuwa Aziza. Tulimsindikiza kwa wimbo, "Macho ya samaki ya juzi, macho ya samaki ya juzi," naye anatugeukia na ndoo kichwani, "Nyinyi endeleeni. Nitatemea haya maji." Nyuma ya nyumba mama zetu wanaponda makemba, zile ndizi za kupika, kwa lituma, kinu kinalia, harufu ya mawese ya moto inatuita. Shule mimi nilifika mwaka wa tatu tu, donc msiniulize mambo ya vitabu. Majina ndiyo sisahau.

Mtaani kwetu kulikuwa na mpiga picha mmoja, Tonton Kasongo, Mkristo kutoka Maniema, mwenye chumba cha mbao na pazia alilochora ndege kubwa. Ukipigwa mbele ya pazia lile, ndugu zako wa Isangi wanaamini umepanda ndege uwanjani Simi-Simi. Kazi yake ilikuwa na sheria moja: filimu haitoki ndani ya mashine mpaka iishe yote. Picha ya ubatizo ya mtoto wako inangojea harusi ya mtu mwengine. Watu walikuja kugomba mlangoni.

"Tonton, picha yangu iko wapi?"

"Iko ndani, inalala. Imebaki pozi mbili. Leta shangazi yako apigwe, tuimalize."

"Shangazi yangu alikufa."

"Bon, basi leta mjomba."

Mwaka mmoja kaka yangu mkubwa, yaya Ramazani, alipata nafasi ya kujifunza umakanika Kinshasa. Alikuwa fundi wa baiskeli, anazigeuza juu chini uani kwetu, anazungusha gurudumu na kulegeza kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza siri. Bato, meli ya mtoni, lilikuwa linapakia. Na bato, nyinyi mnajua, likiondoka hujui litarudi lini, na mtu aliyemo ndani ndiyo kabisa.

Mama alitaka picha yake. Alitaka kuitundika sebuleni, amuone mwanawe akiamka na akilala. Lakini sebuleni ndipo Babu alipotandika mkeka wake wa kusali, na neno lake lilikuwa moja tangu sijazaliwa: "Chenye macho hakikai mahali ninapoinamisha kichwa." Hata bati la maziwa lenye sura ya mtoto aliligeuzia ukutani. Papa hakuwa mtu wa kubishana na baba yake. Mama Mwavita akamshauri mama, "Mupige tu, halafu uifiche chini ya nguo, ndani ya sanduku."

Mama akasema, "Mutoto wangu si mwizi. Nimufiche kwa nini?"

Hakubisha zaidi. Ila chakula alikuwa anakigusa tu, anakisukuma kwetu. Sisi watoto tuliona lituma inabaki kwenye sahani ya mama, na katika nyumba yetu jambo hilo lilitisha kuliko radi.

Mimi ndiye niliyekwenda kwa Tonton Kasongo. Nilijua ana pozi za kumalizia. Nikamwambia aje apige kivuli cha yaya Ramazani, kwa sababu kivuli hakina macho. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mimi napiga watu, mama mudogo. Sipigi giza."

Lakini filimu ilikuwa na harusi ya watu ndani, na watu hao walikuwa wamechoka kungoja. Akaja, na mashine yake shingoni, saa sita mchana. Kosa la haraka. Jua lilikuwa juu ya utosi, kivuli cha kaka kikawa kama kinu kilichoanguka miguuni pake. Tonton akabonyeza kabla hatujasema neno. Pozi moja ikaenda bure.

"Imebaki ya mwisho," akasema. "Sasa mimi nafuata nyinyi watoto. Nafanya namna gani?"

Tukamwambia angoje. Akangoja, akala makemba yetu, akalala kidogo kwenye kiti. Jua liliposhuka tukafanya kama tulivyofanya kila siku, ila safari hii hakuna aliyecheka. Likunde alileta baiskeli, tukaigeuza karibu na ukuta. Gurudumu likatoa duara kubwa kwenye chokaa, na zile waya zake zikatawanyika ndani kama utando wa buibui. Tukasogeza ngazi ya Babu ili mistari yake ipite pembeni. Kamba ya nguo tukaiacha. Yaya Ramazani alisimama wima kama askari. Nikamwambia aache hivyo, atengeneze baiskeli kama siku zote, asahau kwamba tuko.

"Piga tu, Tonton," akasema, mkono wake ukishika gurudumu, maana nilimsimulia lile neno la giza. "Hata giza iko na mama yake."

Akalegeza kichwa. Tonton akabonyeza.

Bato liliondoka kabla picha haijaoshwa. Ilipotoka, Tonton Kasongo aliileta mwenyewe, nafikiri kwa sababu alitaka kuona tutasema nini. Ilipita mkono kwa mkono uani. Mado akasema ni jua. Bolingo akasema ni mtego wa samaki wa Wagenya, wale wavuvi wa mtoni, na kweli ilifanana nao. Mama Mwavita akauliza kwa nini Tonton amepiga picha ya uzio. Mama aliishika, akasema polepole, kama anamkemea mtu, "Sasa angalia huyu. Bado anaisikiliza hiyo baiskeli."

Ndipo Babu Selemani akanyoosha mkono. Aliisogeza mbali na uso, akaileta karibu, akaigeuza juu chini.

"Macho iko wapi?"

"Hakuna, Babu," nikasema.

"Na mutu iko wapi?"

Nikisema yupo, picha inakwenda kwenye sanduku. Nikisema hayupo, namuongopea Babu. Mama, ambaye hakuwahi kumtazama baba mkwe wake usoni, akasema akiangalia chini, "Baba, kama wewe humuoni, basi huo ni ukuta wako tu."

Ndevu za Babu zikacheza kidogo. Akasema nimletee nyundo.

Aliitundika mwenyewe, sebuleni, juu ya mlango wa chumba cha mama. Na upepo wa mvua ukiipinda, yeye ndiye aliyeinyoosha, bila kuambiwa, akinung'unika, "Gurudumu ya mutoto inalala." Mama alirudi kula. Ramazani naye alirudi baada ya miaka mingi, na mke Mumongo na kitambi mbele, na jambo la kwanza alilouliza, akiitazama picha, ni nani amempiga fimbo hata asimame kombo namna ile.

Leo wajukuu wangu wana picha zao elfu ndani ya simu, zote uso, zote midomo imesukumwa mbele kama kambale aliyetolewa majini. Wanajipiga, wanaangalia kufumba na kufumbua, wanajipiga tena. Simu ikianguka kwenye ndoo, ukoo mzima umezama. Sisi tuliingojea picha moja hadi tukaisahau, kisha tuliitazama miaka.

Lakini juzi nilimkuta Nadia, mjukuu wangu wa tatu, amelala tumbo chini mavumbini, simu imekaa juu ya tofali, mbele yake viti vya plastiki amevipanga kwa namna isiyomfaa mgeni yeyote. Kaka zake walimpita na moto yao, ile pikipiki, wakimcheka. Nikamuuliza anafanya nini na nguo safi.

"Nangoja jua ishuke, Koko. Saa hii kiti iko tu kiti."

Nikaacha habari za nguo zake. Zamani jua lilitungojesha sote, tupende tusipende. Siku hizi anangoja anayetaka, na nyumbani kwangu yuko mmoja.