Barua Iliyosomwa kwa Silabi

Jumanne, posta ya Bukoba, mbele yangu kwenye foleni alisimama mwanamke wa Kipolandi, mmoja wa wale waliotupwa huku na vita. Miwani yake ilikuwa imevunjika, akamsukumia karani barua kutoka kwao.

"Memsahibu, lugha hii siijui."

"Wewe soma tu. Mimi nitasikia."

Karani, mtu wa Izigo, akasoma kama tulivyofundishwa shule ya misheni, kidole kikigonga meza kwa kila silabi. Akakutana na neno refu, akalikata vipande vitano: "Po-cho-wa-li-smi."

Mwanamke akashika ukingo wa meza.

"Maana yake nini?" karani akauliza.

"Tumezika," alisema. "Baba yangu."

Kumbe lao ni neno moja kama letu: waliozika wamo, na kaburi limo.

Kwetu mtu huketishwa kwanza ndipo aambiwe msiba. Huyu aliambiwa wima, na mtu asiyejua anachosema. Karani akatoka na kigoda chake.

"Keti, mama."

Akachuchumaa mbele yake, akaisoma tena tangu mwanzo, bila kugonga.