Subiri Nivae

Mama yangu hakuwahi kukataa kupigwa picha. Alisema tu, "Subiri nivae."

Hiyo ilikuwa Werugha, kijijini kwetu milimani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani kupumzika, mapumziko yaliyoendelea mpaka majirani wakaanza kuuliza habari za afya yangu. Mwalimu mmoja aliyekuwa anahama aliniuzia kamera yake, nikaona nimepata shughuli isiyonilazimu kutoka uani. Nilipiga picha ng'ombe, kabichi, paka. Niliyemtaka hasa ni Mama, vile alivyokuwa akikamua: kanga kuukuu kiunoni, shavu limeegemea ubavu wa ng'ombe, anamsimulia mambo ambayo sisi watoto wake hatukuambiwa.

Lakini akiiona kamera tu, ndoo chini.

"Subiri nivae. Unataka watu waseme huna mama, una kibarua?"

Alipotoka na gauni la kanisani na kitambaa chekundu kichwani, ukungu ulikuwa umeshapanda kutoka bondeni. Nilibonyeza hivyo hivyo. Filimu, zile za nyeusi na nyeupe, zilikwenda Mombasa kusafishwa, zikarudi picha nyeupe kama shuka. Mama aliwaonyesha wageni moja moja: "Huyu ni mimi. Na hapa ni mimi tena."

Baadaye nikapata kazi Voi, kwenye bohari ya saruji, nikaoa. Voi jua halina aibu. Mtu akisimama, anaonekana mpaka vifungo. Nilipiga picha majirani, watoto, garimoshi stesheni. Picha zilirudi safi, na sikutaka kuzitazama mara ya pili. Hakuna aliyeniambia nisubiri. Jioni, ukuta wa nyumba ukiwa bado wa moto, nilitamani ukungu kama mtu anavyotamani maji. Nikaacha kununua filimu. Kamera ikahamia kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni.

"Hiyo kamera mmefanana," mke wangu akasema. "Hata mlangoni haifiki."

Miaka ikaenda. Kisha magoti yakamzuia Mama kushuka kuja kutuona, na mke wangu akanisumbua mpaka nikapanda basi. Kamera aliitia kikapuni yeye, na filimu mpya ndani yake.

Mama nilimkuta zizini na ng'ombe mmoja aliyebaki. Kanga ni ile ile, au dada yake. Jua lilikuwa limetoka. Nikaitoa kamera. Aliitazama, akaendelea kukamua.

"Piga tu."

"Huvai?"

"Nivae niende wapi? Nani ataniangalia? Piga, baba, umalize."

Ndiyo picha niliyoitaka tangu ujana, kila kitu mahali pake, hata shavu. Kidole kikakataa.

"Mama, nenda ukavae."

"Ukungu utakuja."

"Nitasubiri."

Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa, kisha akacheka, akaninyooshea mkono nimwinue. Alikaa ndani sana. Nilimsikia akifungua sanduku, akigombana na vifungo. Ukungu ukafika, ukalimeza zizi na ng'ombe wake. Nilisimama pale nikitetemeka kwa baridi, na mimi ninayeogopa hata umande, sikutaka kwenda popote.

Picha ilirudi nyeupe, na doa jeusi dogo juu, la kile kitambaa cha kichwani. Mke wangu akaigeuza juu chini.

"Mama yuko wapi hapa?"

"Anavaa," nikamwambia, nikatoka kwenda dukani kutafuta filimu.