Magunia ya Mama Mkwe

Gari langu dogo lilikuwa na bima kubwa, ya matumizi binafsi. Sikuhitaji nyingine, kwa sababu silifanyii biashara: linanipeleka hospitali ninakofanya kazi, kanisani, na Chala kwa mama mkwe. Huko Chala ndiko tulikombatiza mwanangu. Wakati wa kurudi Sumbawanga mama mkwe akatushindilia magunia ya mahindi, ulezi na maharage, maboga juu yake, na jogoo mmoja mkorofi.

Njiani nilimkwepa ng'ombe, nikaingia mtaroni. Hatukuumia, namshukuru Mungu, ila gari lilibonyea mbele vibaya. Mshahara wangu wa uuguzi usingelitengeneza, na bila gari ningerudi kwenda zamu kwa miguu kwenye baridi ya alfajiri, ile ya Ufipa inayouma hadi mifupa.

Mkaguzi wa bima alizitazama picha za ajali, akatikisa kichwa.

"Dada, bima yako ni ya binafsi. Kubeba mizigo ya watu kwa malipo ni biashara, na biashara ina bima yake. Ni ghali zaidi, maana gari la hivyo liko barabarani kutwa na hatari zake ni nyingi. Hapa hatuwezi kulipa."

Nilipandwa na hasira. "Mfanyabiashara gani anasafirisha jogoo mmoja?"

"Niletee ushahidi."

Ushahidi ulikuja na basi la asubuhi, umevaa kitenge cha sikukuu. Mkaguzi alimwona mama mkwe akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Huyu ulimlipa kiasi gani akubebee mizigo?"

Mama mkwe alimtazama kwa huruma. "Nimlipe mkwe wangu? Mjukuu kabatizwa, nikawapa chakula. Kwenu watu wakija kubatiza wanaondoka mikono mitupu?"

"Hapana, mama."

"Haya. Na wewe ukitoka kwa mama yako, magunia unayaweka wapi?"

Mkaguzi alikuwa mtu wa Milepa, kijiji cha mkoa wetu huo huo. Alijikuna shingo, akaanza kucheka. "Kwenye gari langu, mama."

Nikadakia hapo hapo. "Lina bima gani?"

"Ya binafsi," akasema, akivuta karatasi za kuidhinisha malipo.

Siku nilipolichukua gari kwa fundi nilipiga honi mtaa mzima, na sikuona haya hata kidogo.