Wiki ya Kukonda: Somoe Likwata na watoto waliojaa maji

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla uji haujachemka, Somoe Likwata anapiga magoti kando ya kitanda cha kwanza. Anaushika mguu wa mtoto aliyelala, anaweka kidole gumba upande wa juu, karibu na vidole, anabonyeza. Anahesabu kimoyomoyo mpaka tatu. Anaachia.

Shimo linabaki. Mama wa mtoto analitazama, kisha anamtazama Somoe usoni. Somoe anaushusha mguu taratibu. Anamfunika mtoto shuka, anahamia kitanda cha pili.

Vitanda ni vinane tu katika kituo hiki kidogo cha lishe, njiani kutoka Ziwani kwenda Mahurunga. Ni Februari. Muhogo wa mwaka jana umekwisha ghalani na mahindi mapya bado mabichi. Vitanda vyote vina watoto, na wawili zaidi wamelazwa mkekani.

Kwa mujibu wa barua yake ya ajira, Somoe ni mhudumu. Anafagia, anafua shuka, anapika maziwa na kuwapima watoto, kwa mshahara wa shilingi mia moja na sabini kwa mwezi. Lakini akina mama wanaofika hapa wanaogopa vitu viwili: kidole gumba chake, na mizani inayoning'inia kwenye boriti ya barazani.

"Hata mimi naiogopa," anasema. "Miaka sita sasa nashika mizani hii, na hofu haijanitoka."

Alizaliwa Ziwani miaka arobaini na moja iliyopita, katika nyumba ya wakulima wa korosho na muhogo. Alisoma mpaka darasa la nne. Mwaka 1966 aliajiriwa kufagia. Mwaka uliofuata muuguzi aliyekuwa akipima watoto alihamishwa, na kwa kuwa Somoe alijua kusoma namba, kazi ya mizani ikamwangukia yeye. Hakuna aliyemfundisha kitu kingine zaidi ya hizo namba.

Wiki za mwanzo alikuja mama mmoja kutoka kijiji cha jirani, jina lake Mwajuma, na mtoto wa miaka miwili aitwaye Hassani. Wakati ule walipima kwa ratili, kila moja karibu nusu kilo, na watoto waliotoka nyumbani walipimwa kila Alhamisi. Alhamisi ya kwanza mtoto alikuwa ratili kumi na nane. Ya pili kumi na tisa. Ya tatu ishirini na nusu.

Mashavu yake yalikuwa ya mviringo, miguu imejaa, ngozi inang'aa. Nywele zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu, na mtoto mwenyewe alikuwa amenuna muda wote, hataki kucheza wala kushikwa. Lakini namba zilikuwa zinapanda. Somoe akamwambia Mwajuma asiwe na wasiwasi, mtoto ananenepa. Mwajuma alifurahi sana. Alhamisi ya tatu alimletea fungu la muhogo kumshukuru.

Alhamisi ya nne hakuonekana. Mtoto alikuwa amezikwa Jumanne.

Gaudensi, mganga msaidizi anayesimamia kituo, alipoiona kadi ya mtoto yule alimwita Somoe ndani. Alimweleza kwamba muhogo mtupu hushibisha tumbo lakini haujengi mwili. Nyama ya mwili ikianza kwisha, maji huvuja na kujikusanya chini ya ngozi. Mtoto anaisha, na maji yanajaza pale palipobaki wazi. Mizani haiwezi kutofautisha. Inapima maji kama inavyopima nyama.

"Akaniambia, 'Mtoto yule alikuwa anakonda ndani ya maji,'" anakumbuka Somoe. "Nilimwomba anirudishie ufagio, asinipe tena mizani. Akakataa. Akakishika kidole changu, akanionyesha mahali pa kubonyeza: shimo likibaki, ni maji."

Kwa Somoe, hata hivyo, kuvimba siyo sehemu inayotisha kuliko zote. Sehemu hiyo ni kupona.

Mtoto anapoanza kunyweshwa maziwa ya unga yaliyochanganywa na mafuta na sukari, kidogo kidogo kila baada ya saa tatu, siku ya nne au ya tano huanza kukojoa sana. Maji yanatoka. Mashavu yanaanguka, ngozi ya mapaja inalegea kama nguo iliyopwaya, mbavu zinatokeza. Mama aliyeleta mtoto mnene anajikuta amepakata mifupa. Hali hiyo huchukua wiki nzima, pengine zaidi, kabla ya mizani kusimama na kuanza kupanda tena. Ndani ya wiki hiyo ndimo akina mama wanamotoroka.

Mwaka 1970 walitoroka kumi na mmoja. Somoe alikwenda vijijini kwa miguu, siku zake za mapumziko, kuulizia habari za kila mmoja. Watoto wanne ndio aliowakuta hai.

Machi mwaka jana, mvua zikiwa zimeshika, alifika Amelia. Alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, aliyevuka Ruvuma kukimbia vita, na alikuwa akiishi kwa wakwe zake karibu na Mahurunga. Mumewe alikuwa ng'ambo na wapigania uhuru kwa mwezi wa kumi na nne. Maziwa yake yalikuwa yamekauka siku zile za kukimbia, na mtoto wao wa kiume, Alfredo, mwenye umri wa miaka miwili na nusu, alikuwa amelelewa kwa ugali wa muhogo na mchuzi wa majani.

Alfredo alikuwa amevimba mpaka macho hayafunguki vizuri. Mizani ilisoma kilo kumi na robo.

Amelia hakuwa na hofu ya ugonjwa peke yake. Nyumbani kwa wakwe zake walikuwa wameshasema kwamba mtoto kabemendwa. Katika vijiji vingi vya huku, mtoto mdogo akivimba na kunyong'onyea, watu husema wazazi wamevunja mwiko wa kitandani kabla hajaacha ziwa. Na mume akiwa mbali zaidi ya mwaka, kusema mtoto kabemendwa ni kusema mama yake amelala na mwanamume mwingine. Mama mkwe alikuwa amemwambia waziwazi: mumewe akirudi, ataelezwa.

Siku tatu za kwanza Alfredo hakubadilika. Siku ya nne akaanza kukojoa. Siku ya tano mizani ilisoma kilo tisa na nusu, siku ya sita nane na robo tatu. Amelia hakujua kusoma, lakini aliuona mshale. Alimwuliza Somoe kwa Kimakonde kwa nini unarudi nyuma. Somoe akamjibu kwamba ni maji yanatoka, na kwamba ndivyo inavyotakiwa.

"Nilimwambia hivyo, lakini sauti yangu haikuwa sawa," anasema. "Mtoto alikuwa ametulia mno. Hakulia nilipomgeuza. Kuna kukonda kwa maji yanayotoka, na kuna kukonda kwa mtoto anayeondoka. Siku ile sikuweza kusema ni kupi."

Hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Gaudensi alikuwa amekwenda Mtwara mjini kuchukua maziwa na dawa, na mvua ilikuwa imejaza mto mdogo na kuikata njia. Ilikuwa siku ya tatu tangu aondoke, na alikuwa hajarudi. Kituo kizima, watoto wanane na mama zao, kilikuwa mikononi mwa mhudumu wa darasa la nne.

Siku ya saba ilikuwa Ijumaa. Somoe alimaliza kusali adhuhuri katika chumba cha stoo, akatoka kugawa maziwa ya saa saba, akakuta kitanda cha Alfredo kitupu. Kikombe kilikuwa kimewekwa sakafuni, kimefunikwa kwa sahani, maziwa ya asubuhi nusu yake bado yamo.

Mama mmoja aliyeitwa Asha, aliyekuwa amekaa kituoni wiki tano na mtoto wake ameshaanza kucheza, alisema alimwona Amelia akipita nyuma ya jiko, mtoto mgongoni, akielekea Ruvuma. Amelia alikuwa amewahi kumwambia kwamba ng'ambo ana mama mdogo ambaye ni mganga wa mizizi.

Somoe alisimama pale barazani kwa muda. Akiondoka, watoto saba wangebaki bila mhudumu. Asipoondoka, alijua atakwenda kuulizia habari za huyu kama alivyoulizia za wale wengine. Akamwonyesha Asha mstari wa kikombe, akamwambia awanyweshe kila mmoja mpaka hapo, asizidishe hata kama wakilia, kwa kuwa maziwa mengi kwa mkupuo huulemea moyo wa mtoto aliyedhoofika. Kisha akajifunga kanga, akashika njia.

Alitembea saa mbili kwenye matope. Anasema njia nzima aliogopa mambo matatu kwa zamu: kwamba Amelia ameshavuka, kwamba mtoto amefia mgongoni bila mama kujua, na kwamba kule kituoni, Asha amezidisha maziwa na mtoto mmoja moyo umeshindwa.

Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, unabeba magogo. Mahali pa kuvukia palikuwa na mitumbwi miwili imefungwa. Siku moja kabla, ndege ya kivita ilikuwa imesikika ng'ambo na moshi umeonekana, na wenye mitumbwi walikuwa wamekataa kuvusha mtu. Amelia alikuwa amekaa kwenye gogo peke yake, anasubiri wabadilishe mawazo.

Somoe alikaa karibu naye. Alimwomba mguu wa mtoto. Amelia akamnyima.

"Unataka kunibonyezea tena," akasema. "Nilikuja kwako na mtoto, mama. Unanirudishia mifupa. Mume wangu akirudi nitamwonyesha nini?"

 Hapo Somoe akamsimulia jambo ambalo katika miaka yote ile hakuwahi kumwambia mama yeyote: habari za Hassani wa Mwajuma. Alimsimulia Alhamisi zote tatu, na namba zake, na lile fungu la muhogo.

"Mtoto yule alinenepa mikononi mwangu mpaka akafa," alimwambia. "Nilimsifu mama yake. Wako anapungua, na mimi naogopa kama wewe, sikufichi. Lakini wako anakojoa. Yule hakukojoa."

 Amelia akauliza, kwa sauti ya chini, kama ni kweli mtoto alibemendwa. Aliuliza kana kwamba hata yeye, aliyejua alivyoishi, hakuwa na hakika tena.

"Maji haya yametoka kwenye muhogo mtupu," Somoe akamjibu. "Hayakutoka kitandani kwako. Mama mkwe wako akitaka, nitakuja nimwambie mwenyewe."

Walikaa mpaka mvua ikaanza upya. Ndipo Amelia akamfungua mtoto mgongoni, akampa Somoe. Alfredo alikuwa hai, wa baridi, mwepesi. Mkojo wake ulikuwa umeilowanisha mbeleko. Somoe alipoubonyeza mguu, ngozi ilirudi polepole, lakini ilirudi.

Walirudi wakipokezana kumbeba. Kituoni Asha alikuwa amewanywesha watoto wote saba, na wote walikuwa wazima.

Hofu haikuishia hapo. Siku ya nane Alfredo alipungua tena. Siku ya tisa mizani ilisoma kilo saba na nusu, namba ambayo Somoe hakuwahi kuiona kwa mtoto wa umri ule akapona. Amelia alikataa kuangalia mshale, akawa anageuza uso ukutani kila mtoto anapotundikwa.

Siku ya kumi mshale ulisimama palepale. Siku ya kumi na moja, Somoe alipotaka kuondoa kikombe, Alfredo alikishika kwa mikono miwili na kulia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilia kwa nguvu tangu aletwe. Amelia alilia pia. Kesho yake mizani ilipanda gramu mia moja.

Gaudensi aliporudi alimpa Somoe barua ya onyo kwa kuacha wagonjwa bila ruhusa. Barua ile anayo bado. Anasema mganga alikuwa na haki, na kwamba akikutwa na jambo lilelile kesho hajui atafanya nini.

Baada ya wiki sita Alfredo aliondoka akiwa na kilo kumi kamili, pungufu kidogo ya zile alizokuja nazo, na safari hii zilikuwa za nyama. Somoe aliwasindikiza mpaka kwa wakwe. Alizungumza na mama mkwe mbele ya mlango, kwa heshima, kwa muda mrefu. Mama mkwe alisikiliza, akampokea mjukuu, akamkagua mapaja, akaingia naye ndani. Amelia bado anaishi pale. Mumewe hajarudi.

Mwaka huu, tangu uanze, ametoroka mama mmoja. Somoe hakuweza kumfuata.

Sasa ana jambo analolitaka. Nyuma ya kituo kuna kipande cha ardhi, nusu ekari hivi, kimejaa nyasi. Ameiomba kamati ya kijiji impe apande karanga, kunde na mbaazi, vyakula vile ambavyo mtoto wa muhogo anavikosa. Bwana shamba mmoja wa Naliendele amemwahidi mbegu. Kamati imesema itatoa jibu baada ya msimu wa korosho.

Hatasubiri. Jumatatu anaanza kufyeka kwa panga lake mwenyewe, na akina mama walioko wodini watalima pamoja naye, watoto wao wakiwa barazani wanapoonekana. Anasema mavuno ni muhimu, lakini siyo yanayomfanya aharakishe.

"Mama anayekaa kitandani kutwa anahesabu mbavu za mwanawe," anasema. "Wiki ile ya kukonda haikwepeki, lazima waipite. Nataka waipite wakiwa na jembe mkononi."