Upanga Uliosuguliwa Jina

Wiki hii, katika ofisi yetu ya utamaduni hapa Arua, mama mmoja wa Koboko alifungua kitenge, akamwekea mtaalamu wa makumbusho upanga wa babu yake, askari wa zamani. Mtaalamu akapapasa bapa.

"Hapa palichongwa jina. Nani amelisugua?"

"Mimi, na jiwe," mama akanong'ona, macho mlangoni. "Wakati serikali ilianguka, jeshi mpya ilikuja, walikuwa natafuta familia ya askari ya zamani."

"Bila jina, mama, siwezi kuthibitisha kuwa ni wa babu yako."

Nilimhurumia, nikidhani amekuja kutafuta heshima ya ukoo wake. Kumbe yeye akashusha pumzi.

"Andika hiyo kwa karatasi, bwana mkubwa, kwamba haijulikani ni ya nani. Piga na muhuri. Kwa barabara ya kurudi iko askari."