Mume Wangu Aliniletea Gari Nisiloweza Kulifungua

Admin, kisa kiweke, jina langu baki nalo wewe.

Nilipoteza gari langu mwezi wa tatu mwaka huu, siku tunasoma arobaini ya mama yangu. Halikuibiwa. Mume wangu aliliuza.

Mie ni mama wa miaka 38, naishi Bunju, napika vyakula vya shughuli. Gari nililinunua kwa jasho la masufuria yangu, ila kadi niliandikisha jina la mume, watu wasije wakasema anabebwa na mke. Lilikuwa la zamani, ukifungua boneti unaona mpaka ardhini. Spana namba 10, 12 na 14 zilinitosha. Plagi zote nne nilikuwa nazitoa pale uani, wali haujakauka maji. Nilijifundisha mwenyewe, kwa kukosea.

Hilo lilimkera. Wenzake wa kahawa walimtania: "Bwana, leo nani yuko chini ya gari, wewe au bibie?"

Niliporudi kutoka arobaini nikakuta gari jipya uani. Nikafungua boneti: plastiki tupu. Plagi zimefukiwa chini ya mabomba. Kubadili balbu ya mbele mpaka utoe bampa zima. Kijiti cha kupimia oili hakuna. Bolti zake za nyota, hakuna spana yangu iliyoshika hata moja. Mume wangu akatabasamu, "Nilizunguka yadi tano. Kila lenye nafasi ya kuingiza mkono wako nililikataa."

Tangu hapo, kila tukigombana usiku, asubuhi gari haliwaki. Mwenye mashine ya kulipima ni mdogo wake, ana gereji. Anakuja akijisikia, anachomeka mashine, ananituma maji ya kunywa, nikirudi linanguruma. "Shemeji, hii ni kompyuta, siyo jiko."

Mwezi uliopita nilikuwa na pilau ya watu 200 kupeleka Mbezi Beach. Masufuria yamo ndani, gari kimya. Mume kakaa barazani na wenzake. Nikamwomba ampigie mdogo wake.

"Piga magoti uombe vizuri, fundi."

Nikapiga, na baibui langu, mbele ya wanaume wanne. Wakacheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Kisha mume akasema, "Haya inuka. Dogo mwenyewe leo hayupo, kaenda Kibaha."

Kirikuu ya mizigo niliyokodi ilifika ukumbini wageni wameshanunuliwa chipsi. Yule mteja ndiye aliyeniletea wateja wangu wote wa upande ule. Sasa hapokei simu yangu.

Wiki hii limegoma tena. Mume alipotoka nikamwita fundi umeme wa magari kutoka Ubungo. Akafungua plastiki za chini ya waipa. "Dada, gari lako zima. Fyuzi ya pampu ya mafuta haipo. Haijaungua, mtu kaitoa." Kwenye gari langu la zamani ningeliona pengo hilo kwa macho, bila mtu.

Nikamwambia afunge vilevile alivyokuta. Nikampigia shemeji. Kaja, kachomeka mashine, kanituma maji. Safari hii nilisimama kwenye dirisha la jikoni. Nikamwona anatoa fyuzi mfukoni mwa shati, anaipuliza, anaipachika. Nikampelekea maji yake. Akanywa, akanishukuru.

Jumamosi hii shemeji huyo anaoa. Nikaha ni Temeke, na gari hilohilo ndilo litambeba bwana harusi kutoka hapa kwetu, mume wangu kwenye usukani, msafara mzima nyuma yao. Asubuhi mie nitakuwa nalo uani peke yangu, napika. Biti ya kufungulia zile bolti za nyota nimenunua, nimejaribu, nafungua na kufunga bila alama. Fyuzi nikiitia kwenye makaa ya pilau, watakuwa wamekaa humo na maua yao, mtaa mzima unawatazama. Nitakuja na kikombe changu cha kahawa, nimwambie kaka mtu apige magoti.

Najua talaka nitaipata siku hiyohiyo, na kadi ina jina lake, natoka na masufuria tu. Na bibi harusi hajanikosea kitu, ana miaka 22, leo wanamchora hina.

Dua naomba kila siku, hivyo msiniandikie habari za subira. Nataka neno moja: nitoe au niache? Nishaurini kabla ya Ijumaa saa mbili usiku, maana baada ya hapo nitakuwa nachambua mchele na simu sishiki. Mkinyamaza, nitajijibu mwenyewe.