Mkono Uliopanda Kabla ya Bunduki

Goti la Dada Mkubwa lilikuwa na tabia ya pasi ya mkaa: lilichelewa kupata moto, na likiachwa kidogo tu, limepoa. Kwa hiyo siku ya mchujo wa timu ya taifa alilichua kwa dawa tangu alipoamka, akalifunga kitambaa, akaenda nalo uwanjani kama mtu aliyebeba mayai.

Wasichana wa klabu walimwita Dada Mkubwa kwa heshima na kwa utani pia, maana wengine angeweza kuwazaa. Alianza na mita mia akiwa shuleni, miguu mitupu, wavulana nyuma wakila vumbi. Mbio zikampa kazi. Hospitali iliyokuwa na timu yake ilimwajiri katika chumba cha kufulia, na huko ujana wake ukaishia kwenye mvuke na mashuka. Alipopungua kasi, kocha akamhamishia kwenye mbio za kuruka viunzi. Alipata mume pia, akampoteza. Yule bwana alisema hawezi kuishi na upepo.

Timu ya taifa ndiyo hakuipata. Walichukuliwa wawili, na yeye kila mchujo alikuwa wa tatu. Wa tatu hupewa pole na soda.

Mama yake hakuacha kumsema.

"Mwenda pole hajikwai, mwanangu."

"Mwenda pole hachaguliwi, mama."

"Basi chaguliwa, utulie! Nimechoka kukuona unashuka ngazi kinyumenyume."

Wakapatana: mchujo huu ndio wa mwisho. Akikosa, basi tena.

Njia ya pembeni yake alipangwa Cheche, msichana ambaye Dada Mkubwa mwenyewe alimfundisha kuruka.

"Shikamoo, Dada Mkubwa. Mbona unanuka dawa hivyo? Tutashinda kwa harufu?"

"Marahaba. Utainusa kwa nyuma, mdogo wangu."

Wakainama kwenye vibao vya kuanzia. Goti lilikuwa na moto, na kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze halikulalamika. Dada Mkubwa akainua macho kutazama viunzi kama kawaida yake. Kwenye njia ya Cheche, kiunzi cha pili kilikuwa kimewekwa kinyume.

Miguu ya kiunzi hulala upande anakotokea mkimbiaji, ili akikigusa kianguke mbele. Kikigeuzwa hakianguki, anayeanguka ni mtu.

Mkono ulipanda kabla hajaiuliza akili.

"Nini tena, mama?" mwanzisha mbio akauliza, bastola juu.

"Kiunzi cha huyu kimegeuzwa."

Wakaambiwa wasimame. Mpanga viunzi akaitwa, akaja akijikokota, akakigeuza. Mwanzisha mbio akaamua vikaguliwe vyote, njia zote, mpaka mwisho. Upepo ulikuwa unavuma. Dada Mkubwa alilikumbatia goti kwa viganja viwili, akausikia moto unaondoka. Kwani nani alinituma? alijiuliza. Akajuta, kisha akaona haya kwa kujuta.

Bunduki ikalia. Goti likaitika kwa shingo upande. Kwenye kiunzi cha pili alisikia pembeni yake mfupa ukigonga ubao. Kiunzi kikaanguka mbele, Cheche akayumba, akasimama sawa, akaendelea. Baada ya hapo Dada Mkubwa aliona migongo tu. Alifika wa tano.

Cheche alikuwa wa pili. Alikuja mbio pale kwenye nyasi, damu ikimchuruzika ugokoni, meno yote nje.

"Dada, nimechaguliwa! Lakini ule mkono wako ulinitesa. Nilipoa kabisa."

"Ulipoa wewe?" Dada Mkubwa akacheka, kicheko kisicho na nguvu.

Cheche akatazama ugoko wake. Akatazama kule viunzi vilikokuwa vinakusanywa. Meno yakarudi ndani.

"Kile kilichogeuzwa ndicho nilichokigonga?"

"Ndicho."

Kesho Dada Mkubwa alikuwa na zamu ya asubuhi hospitalini, na alichotaka sasa ni kuvua viatu tu. Akajaribu kuinamia kamba, goti likakataa kukunja. Cheche akachuchumaa mbele yake, akaanza kumfungulia, mguu mbovu kwanza.

"Usivute."

"Sivuti, dada."

Dada Mkubwa akalala chali kwenye nyasi, akamwachia mguu.